Walicheka nilipowatania Waluhya, wakaondoka nilipowagusa Wajaluo. Je, huu si ubaguzi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, Mbukusu wa Bungoma, na ninaishi Nakuru na mke wangu na watoto. Kazi yangu ni MC wa harusi na sherehe za mahari. Nashukuru Mungu kazi hii inatulisha, na watu wa huku wananijua kwa mizaha ya makabila. Naiga lafudhi ya Mkikuyu, ya Mkamba, ya Mkalenjin, ya Mmeru akiwa amekasirika. Zaidi ya yote nawatania Waluhya wenzangu: kuku, ugali, birika zima la chai, na yule soja wa langoni anayepigia gari saluti badala ya mwenye gari. Hiyo ya soja haijawahi kuniangusha.

Hivi majuzi nilikodiwa na familia ya bibi harusi, ambao ni Wakikuyu, katika harusi iliyofanyika Naivasha. Bwana harusi ni Mjaluo wa Siaya. Nilianza na Waluhya kama kawaida yangu na hema zima likacheka. Hata ami yake bwana harusi, mzee aliyekuwa ameketi meza ya mbele, alicheka mpaka akatoa leso kupangusa macho. Nikaona uwanja umefunguka, nikaingia upande wake. Keki ilipoletwa nilimwambia bibi harusi awe mwangalifu, maana amejiozesha kwa [neno limeondolewa], na watu hao wakiona kisu hukimbia.

Upande wa bibi harusi walicheka, wengine wakapiga meza. Bibi harusi mwenyewe aliinamisha kichwa. Yule mzee akasimama, akachukua kofia yake, akatoka bila kusema neno. Watu wake wakamfuata, na chakula kilikuwa hakijapakuliwa.

Mtu alirekodi, na video sasa inazunguka WhatsApp. Wateja wameanza kughairi. Bwana harusi hapokei simu zangu.

Uchungu wangu ni huu, Shangazi. Mbona Mluhya akitukanwa ni kichekesho, na Mjaluo akiguswa ni chuki? Kila wikendi wachekeshaji wanatuimba kwenye runinga kwamba sisi ni walafi na walinzi, na sijaona mtu akitoka ukumbini. Wajaluo nao wana maneno yao ya kutuita sisi wa makabila mengine, hata Wakikuyu wana yao, wakidhani hatuelewi. Mwaka jana jirani yangu Mkikuyu aliniita soja mbele ya watoto wangu. Nilimwambia asikanyage tena kwangu, na watu wakasema sina moyo wa mzaha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mke wangu anasema niende nikaombe msamaha. Mimi naona nikienda nitakuwa nimekubali kwamba kabila moja linalindwa na jingine ni la kuchezewa. Nifanye nini? Na je, niache mizaha ya kabila kabisa?

MC, Nakuru

* * *

Marahaba, mwanangu.

Mkeo amesema kweli na utaenda. Nitakueleza uende vipi. Hata hivyo malalamiko yako yana ukweli ndani yake, na sitaki uende kwa yule mzee ukiwa umeyafungia moyoni, maana yatakutoka mdomoni katikati ya msamaha na utaharibu zaidi. Kwa hiyo tuyatoe hapa kwanza.

Neno uliloandika, lile la kumdharau mwanamume asiyetahiriwa, nimeliondoa. Wasomaji wanalijua. Limo katika orodha ya maneno ya chuki ambayo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, iliitoa Aprili 2022 kabla ya uchaguzi wa Agosti, orodha ile ile yenye "madoadoa" na "mende". Sheria iliyounda tume hiyo ni ya mwaka 2008, na kifungu chake cha 13 kinamtoza anayechochea chuki ya kikabila faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Sikutajii haya ili kukutisha kwa jela. Nakutajia kwa sababu ya mwaka wenyewe. Jiulize kwa nini Kenya iliandika sheria hiyo mwaka 2008 na si mwaka mwingine, kisha ukumbuke harusi yako ilifanyika mji gani.

Mwisho wa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wewe ulikuwa mtoto wa shule Bungoma. Naivasha na Nakuru, vijana walikuwa wanazuia matatu barabarani na kuwauliza watu majina yao. Wanaume Wajaluo walikamatwa wakatahiriwa kwa nguvu, kwa panga na vipande vya chupa, wengine wakakatwa kiungo kizima, wengine wakafa. Katika mji huo wa Naivasha watu 19 walichomewa ndani ya nyumba moja. Haya yameandikwa katika ripoti ya tume ya Jaji Philip Waki iliyotolewa Oktoba 2008, pamoja na hesabu ya watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zile. Kesi ya Naivasha na Nakuru ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, huko The Hague, na Desemba 2014 upande wa mashtaka ukaiondoa kabla haijaanza kusikizwa. Hakuna aliyefungwa na mahakama ile kwa visu hivyo.

Sasa rudi kwenye hema lako. Umesimama Naivasha, umeshika kipaza sauti, mbele yako kuna mzee Mjaluo, na unawaambia watu kwamba hao wakiona kisu hukimbia. Sijui mzee yule alikuwa wapi mwaka 2008, nawe hujui. Huenda alikuwa Siaya akisikiliza redio. Huenda alikuwa hapo hapo, maana Wajaluo wengi walikuwa wakifanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha. Vyovyote vile, kila Mjaluo wa rika lake anamfahamu mtu aliyekimbia kisu, na sababu ya kukimbia haikuwa woga wa mila.

Najua nyinyi Wabukusu Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili ni msimu wa kutahiri, na kijana husimama wima mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Hiyo ni fahari yenu, iimbeni. Mjaluo wa zamani naye aling'olewa meno sita ya chini, na hapo ndipo ujasiri wake ulipopimiwa. Kwa kipimo chake, Mbukusu mwenye meno yote alikuwa bado mtoto. Isitoshe, tangu 2008 wanaume wengi sana wa Nyanza wametahiriwa hospitalini katika mpango wa serikali wa kupunguza maambukizi ya HIV, na neno lile halijapoteza makali hata kidogo. Halikuwahi kuwa habari ya mwili. Kwenye majukwaa ya siasa lilitumiwa kusema kwamba Mjaluo si mtu mzima na hawezi kuongoza nchi. Hilo ndilo ulilomwambia bwana harusi siku anayoanza nyumba yake.

Ndiyo maana nakataa unapoweka kuku na neno hili kwenye mizani moja. Mluhya akichekwa kwa kupenda kuku, anarudi nyumbani na kumla kuku huyo. Tena Waluhya wenyewe wanajisifu kwa ingokho, wanaimba, wanaalikana. Wajaluo nao hujisifu kwa Kiingereza kizito na suti za kuvutia macho, na ukiwatania kwa hilo watakusaidia kunogesha. Kuna mizaha ambayo mwenyewe huivaa kwa hiari akiwa kwao. Mizaha hiyo ni salama, au angalau iko karibu na usalama. Halafu kuna maneno ambayo hujawahi kumsikia mwenyewe akijiita, hata akiwa amelewa na wenzake. Hebu nitajie Mjaluo anayejisifu kwa neno ulilotumia. Hayupo.

Kwa kipimo hicho hicho, yule soja wako yuko wapi? Hapa ndipo nakuunga mkono, na nakuunga mkono kwa dhati. Hakuna Mluhya anayejisifu kwamba kabila lake limezaliwa kufungua malango ya wengine. Waluhya ni watu zaidi ya milioni 6.8 kwa sensa ya 2019, wa pili kwa wingi nchini. Miongoni mwao wako majaji, madaktari na maprofesa, na bado msichana wa Kakamega akifika Nairobi na jina lake, mtu anamuuliza kama anatafuta kazi ya nyumbani. Ulipomfukuza jirani aliyekuita soja mbele ya watoto wako, ulifanya sawa kabisa. Waliosema huna moyo wa mzaha walikosea. Mtoto anayesikia babake akipewa cheo hicho na watu wakicheka anajifunza nafasi yake duniani akiwa bado hajajua kusoma.

Ila mwanangu, ni nani anayewafundisha watu wa Nakuru kucheka soja kila Jumamosi? Umeniandikia mwenyewe kwamba hiyo haijawahi kukuangusha. Jirani yako huenda aliisikia kwenye hema lako. Unaiuza jukwaani na kuikataa langoni kwako, na kati ya ubaguzi wote ulionilalamikia, huu ndio ulio mikononi mwako kuumaliza leo. Yule mzee alicheka kwa sababu wewe, Mluhya, ndiye uliyemfungulia. Si yeye aliyetunga. Kucheka kwake hakukukupa deni la kumdai.

Kuhusu wachekeshaji wa runinga, ni kweli nchi yetu haimcheki kila mtu sawasawa. Angalia ni nani huambiwa ana lafudhi. Mkisii ana lafudhi, Mmijikenda ana lafudhi, Mturkana ndiye kabisa, lakini mtoto aliyekulia Nairobi anahesabiwa kuwa anazungumza tu. Angalia pia Msomali anayetaniwa kuhusu mabomu kila anapopekuliwa mlangoni pa duka. Aprili 2014, katika ile operesheni ya polisi dhidi ya ugaidi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Anayetania hapo mlangoni anaona ametania. Anayetaniwa anakumbuka Kasarani. Mimi hupima mzaha wa kabila kwa swali moja: akishatoka nje, mtu huyu hukutana na nini kwa sababu ya jambo hili hili ninalolicheka? Ukijibu swali hilo kwa uaminifu utaona kwamba watu wawili wanaweza kutaniwa kwa maneno yanayofanana na mmoja tu ndiye aliyeumizwa.

Na maneno ya Wajaluo na ya Wakikuyu ya kuwaita wengine, ni kweli yapo. Nimeyasikia sokoni na matangani, na anayeyatumia akemewe na watu wake, kwa lugha yake. Lakini wewe hukumjibu mtu aliyekutukana. Mzee yule hakuwa amekuita chochote.

Kuna jambo katika barua yako ambalo nadhani umeliandika bila kulitazama. Umesema upande wa bibi harusi walicheka na kupiga meza. Wao ndio waliokukodi. Umesimama kati ya familia mbili zinazojaribu kuunganishwa, katika mji wenye historia hiyo, ukatoa tusi la upande mmoja dhidi ya mwingine, kwa mdomo wa Mbukusu ambaye hahusiki. Waliocheka walipata kusema kile ambacho wasingethubutu kukisema wenyewe, na wewe ndiye unayeilipia kwa jina lako na riziki yako. Hapo ukitaka kulia kwamba umetumiwa, lia. Tena bibi harusi, yule aliyeinamisha kichwa, ndiye nimemfikiria zaidi tangu nisome barua yako. Ami wa mumewe ameondoka, watu wake mwenyewe wanacheka, na yeye ndiye atakayepeleka chai Siaya na kuangaliwa usoni.

Usinielewe kwamba mtu wa kabila jingine hana ruhusa ya kutania. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na kwa miongo mingi aliigiza mzee wa Kijaluo, Mzee Ojwang, katika kipindi cha runinga cha Vitimbi, lafudhi na yote. Wengi hawakujua kwamba si Mjaluo. Alipofariki Julai 2015, Wakenya wa kila kabila walimlilia Mzee Ojwang. Mtazame tena alivyofanya kazi. Mzee Ojwang alikuwa mbishi, mwerevu, mwenye makuu, na Mama Kayai, mkewe katika igizo, hakumwachia nafasi ya kupumua. Ulimcheka kwa vituko vyake na ukataka arudi wiki ijayo. Hukuwahi kualikwa kumdharau kwa alivyozaliwa.

Majirani zetu Tanzania nao wana utani wa makabila, na ule una sheria kali kuliko wengi wanavyodhani. Mnyamwezi na Mzaramo, ambao utani wao unasimuliwa tangu enzi za misafara ya pwani, wanaweza kuambiana maneno ambayo wewe na mimi tungepigania. Lakini haki hiyo ni ya pande zote mbili, na ina mzigo. Kwenye msiba, mtani ndiye anayefika kushughulika na mazishi, huku akiwachekesha wafiwa. Anayekutania leo ana wajibu wa kukuzika. Sasa wewe na yule mzee hamna chochote kati yenu. Hata jina lake hujaniandikia, na nahisi hulijui.

Basi anza hapo, lijue jina lake. Acha kumpigia bwana harusi simu. Mwandikie ujumbe mfupi, umwambie ulichosema kilikuwa tusi, ulimkosea yeye, mkewe na wazee wake, na kwamba unaomba kujua ni nani anayefaa kukupeleka kwa ami yake. Usiandike "kama nimemkwaza mtu". Umemkwaza. Usitaje Waluhya, usitaje soja, usitaje wachekeshaji wa runinga. Hayo tumeyamaliza hapa mimi na wewe.

Ukipata mtu wa kukupeleka, awe mtu mzima anayeheshimiwa na familia hiyo, nendeni kwa mzee popote alipo, hata kama ni Siaya. Nenda na mkeo, maana ameonyesha ana akili ya jambo hili. Msirekodi chochote. Najua utashawishika kuweka video ya msamaha ili wateja warudi, nami nakukataza. Mzee akiona simu imeinuliwa ataelewa kwamba umekuja kutafuta biashara. Ukishafika, sema ulichosema, kwa maneno machache, kisha unyamaze umsikilize. Huenda akakusimulia mambo ya 2008. Huenda akakufokea. Asiposema lolote pia ni haki yake.

Akikataa kabisa kukupokea, mwachie mpatanishi maneno yako urudi nyumbani. Usimtumie watu watatu wengine wamsihi, kwa kuwa hapo utakuwa unamlazimisha mzee akuondolee uzito wako.

Bibi harusi umwandikie peke yake, ujumbe wake tofauti na wa mumewe. Na kwa wazazi wake waliokulipa, wapigie uwaambie kwamba tusi lile lilikuwa kosa na unakwenda kuliomba msamaha. Wengine watakwambia ulikuwa mzaha tu, usijisumbue. Usikubali faraja hiyo. Ukiweza kurudisha sehemu ya malipo, rudisha, ielekezwe kwa maarusi.

Swali lako la mwisho: uache mizaha ya kabila kabisa? Sioni sababu. Harusi ya makabila mawili ina vichekesho vingi visivyomvunjia mtu heshima. Kuna wazee wa ruracio, yaani mahari ya Kikuyu, wanaohesabu mbuzi wasiokuwepo, kuna mashangazi wa upande wa bwana waliofanya mazoezi ya salamu za Kikuyu njia nzima, kuna bwana harusi anayetafuta mkewe kati ya wanawake waliofunikwa leso na karibu achague nyanyake. Haya yanachekesha kwa sababu kila mtu hemani ameyaona. Kabla ya kazi, keti na mtu mmoja wa kila upande, uwaulize wanataniana vipi wakiwa peke yao na ni nini kisiguswe. Watakwambia upesi. Ukimkosa mtu wa upande mmoja, usiutanie upande huo siku hiyo.

Soja naye mpumzishe. Utahisi pengo katika onyesho lako kwa muda, kwa kuwa umemtegemea sana. Weka hapo babako, au mamako, au mwalimu wako wa Bungoma, mtu unayemjua na kumpenda, na uwaambie watu alivyo hasa.

Wateja walioghairi usiwafuate sasa. Wakikupigia kuuliza juu ya ile video, waambie uliyoyasema na uliyoyafanya baadaye, kisha uwaache waamue. Ila nenda kwa mzee kwanza. Na uniandikie ukirudi, nataka kujua alikupokea vipi.

Shangazi